Maswali ya Wasomaji: Baiskeli, Makasri na Mto Loire

Toleo lililopita niliandika kwa kifupi tu kwamba mtu ambaye sio mwanamichezo, anayetaka kuiona historia ya Ufaransa akiwa juu ya baiskeli, aende bonde la mto Loire. Basi meseji zimemiminika. Zote siwezi kuzijibu hapa, nimechagua zile zinazogusa wengi, na zilizokuwa ndefu nimezifupisha.

Habari za kazi. Mimi na mke wangu tuna wiki moja tu mwezi wa sita. Jamaa mmoja anatuambia tusipofika mpaka baharini hatujafanya kitu. Tuanzie wapi, tuishie wapi, na hayo makasri tuingie yapi maana tunaona ni mengi mno? – Msomaji, Arusha

Nzuri kabisa ndugu yangu, ila huyo jamaa msimsikilize. Njia nzima inayoitwa La Loire à Vélo ina kama kilomita 900, inaanzia Cuffy karibu na mji wa Nevers inaishia Saint-Brevin-les-Pins kwenye Atlantiki, ukigawanya kwa siku saba ni karibu kilomita 130 kila siku, na mtu anayepiga kilomita 130 kwa siku anachokiona ni tairi la mbele na lami basi. Nyie kateni kipande cha katikati, Blois mpaka Saumur. Ukijumlisha na kuchepuka kwenda Chambord na Chenonceau inakuja kilomita 200 na ushee, yani mnakanyaga pedeli asubuhi alafu mchana wote uliobaki ni wenu. Hicho kipande ndo chenye utamu wenyewe, kimo ndani ya eneo ambalo UNESCO waliliingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2000, kutoka Sully-sur-Loire hadi Chalonnes-sur-Loire.

Njia yenyewe ni tambarare. Sehemu kubwa mnapita kando ya mto au juu ya matuta makubwa ya udongo ambayo watu wa huko walianza kuyajenga tangu zama za kati kuzuia mafuriko, mkono mmoja mto na mafungu yake ya mchanga, mkono mwingine mashamba ya mboga na mizabibu. Treni ya kwenda Blois mnapandia Paris kituo cha Austerlitz.

Sasa makasri. Sheria yangu mimi ni kasri moja kwa siku, mkizidisha mawili, maana ukiingia matatu jioni hukumbuki lipi lilikuwa na nini. Anzeni na la Blois lenyewe pale mjini, watu wengi wanalipita haraka wakikimbilia Chambord na wanakosea sana, kwa sababu ukisimama katikati ya ua wake unaona majengo ya vipindi vinne tofauti yamekuzunguka, kila mwenye kasri aliongeza upande wake kwa mtindo wa wakati wake. Na humo ndani ndo Desemba 1588 mfalme Henri wa Tatu aliwaamuru walinzi wake wamuue kabaila mkubwa aliyekuwa anamtishia kiti, Duc de Guise, wakamchoma visu humo humo kwenye vyumba vya mfalme.

Kesho yake Chambord, nendeni asubuhi kabla mabasi ya watalii hayajafika. Ujenzi ulianza 1519 kwa amri ya François wa Kwanza, na msitu unaolizunguka umezungushiwa ukuta wa kilomita 32, ndani mna kulungu na nguruwe pori. Kitu cha kutulia nacho pale ni ngazi ya katikati. Ni ngazi mbili zinazozungukana kwenye mhimili mmoja, mkeo apande hii wewe upande ile, mtaonana kupitia vidirisha mara kwa mara lakini hamtakutana mpaka juu. Fanyeni hivyo, msisome tu kwenye kibao. Na jueni kwamba huyo mfalme alitawala miaka 32 lakini ukijumlisha siku zote alizolala Chambord hazifiki hata miezi mitatu, lilikuwa jumba la kuwindia na la kuwaonyesha wageni yeye ni nani.

Kutoka Blois mnashuka na mto kama kilomita 40 mnaingia Amboise, laleni hapo siku mbili ili moja muende Chenonceau, kama kilomita 15 kukatiza msitu. Chenonceau limejengwa juu ya mto, sio Loire ila Cher, na hadithi yake ni ya wanawake tangu mwanzo. Mfalme Henri wa Pili alimpa hawara wake Diane de Poitiers, mfalme alipokufa 1559 mke wa ndoa Catherine de Médicis akamwambia Diane kusanya virago, akampa kasri lingine la Chaumont, alafu yeye Catherine akajenga ukumbi wa ghorofa juu ya daraja, urefu wake mita 60. Ukumbi huo wakati wa vita ya kwanza ya dunia ulikuwa hospitali, majeruhi zaidi ya 2,000 walitibiwa mle. Vita ya pili mto Cher ukawa mpaka, upande mmoja wamekaa Wajerumani, upande wa pili hawajafika, na mlango wa mwisho wa ukumbi unatokea huo upande wa pili. Mkifika kwenye mlango huo simameni kidogo, wapo watu waliouvuka kuokoa roho zao.

Baada ya mji wa Tours ingieni kasri la Villandry kwa ajili ya bustani tu, kabichi na maboga yamepandwa kwa mistari na rangi, mkeo akiwa mpenzi wa bustani hatatoka. Kisha Candes-Saint-Martin mahali mto Vienne unapoingia Loire, na hapo msiache kupandisha kilima kwenda Fontevraud. Abasia ile, yani nyumba ya watawa, ilianzishwa 1101, ndani ya kanisa zimelala sanamu za makaburi ya Henry wa Pili wa Uingereza, mkewe Eleanor wa Aquitaine na mtoto wao Richard anayeitwa Moyo wa Simba, Eleanor kachongwa ameshika kitabu. Alafu kuanzia 1804 mpaka 1963 mahali hapo palikuwa jela. Wafalme na wafungwa chini ya paa moja! Kwangu mimi pale panaishinda Chambord kwa mbali.

Mkifika Saumur panda treni rudini Paris. Viza ni ya Schengen, yani ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, maombi yanaanza kupokelewa miezi sita kabla ya safari na mwisho siku 15 kabla, ada ya mtu mzima ni euro 90, na bima ya safari lazima ifikie euro 30,000. Mwezi wa sita watu ni wengi, msisubiri dakika za mwisho.

Assalaam alaykum. Wanangu wako Paris wamenialika na wanataka twende kwa baiskeli huko Loire. Mimi navaa buibui na hijabu, baiskeli niliendesha nikiwa msichana. Na chakula nitakula nini? – Mama, Mombasa

Waalaykum salaam mama, nenda, tena usisite. Hijabu huna shida nayo barabarani wala kwenye makasri, kinachokatazwa na sheria yao ya 2010 ni kufunika uso hadharani, kwa hiyo nikabu ndo hairuhusiwi. Buibui refu kwenye baiskeli ni hatari kwa sababu ya cheni na spoku, vaa suruali pana na kanzu inayoishia magotini au gauni lenye mpasuo, na uombe baiskeli yenye fremu ya chini unayopanda bila kurusha mguu na yenye kifuniko cha cheni. Kama magoti yanasumbua, waambie wanao wakukodie ya umeme. Unakanyaga kama kawaida, mota inakusaidia, hakuna anayekucheka, utawakuta wazee wa kule wenyewe wako nazo.

Chakula: miji ya Orléans, Tours, Angers na Nantes ina mabucha ya halali na vibanda vya kebabu, vijijini ndo hakuna. Kuna kitu kinaitwa rillettes, kinapakwa kwenye mkate, watakusifia sana kwamba ni fahari ya Tours. Ni nguruwe, usiguse. Neno lingine la kuliangalia kwenye menyu ni lardons, nayo ni nguruwe, wanapenda kuitia hata kwenye saladi na kwenye mikate ya mayai. Lakini hutalala njaa. Jibini za mbuzi za huko ni nzuri mno, iko ya Sainte-Maure iliyo ndefu na ina mrija wa nyasi kavu umepita katikati, na Selles-sur-Cher iliyopakwa majivu nje, wengine jibini zao wanagandisha kwa kimeng'enya cha mnyama kwa hiyo ukitaka uhakika muulize muuzaji. Upande wa Saumur ulizia fouées, mikate midogo inaokwa kwenye tanuri la kuni, inavimba ndani ikabaki wazi kama andazi, wanaipasua ikiwa bado inafuka moshi wanakujazia. We sema uyoga au maharage au jibini ya mbuzi, wasikujazie rillettes.

Jingine mama, mwezi wa sita kule jua linazama karibu saa nne usiku, kwa hiyo magharibi na isha zinachelewa sana na alfajiri inakuwahi. Panga usingizi wa mchana. Na saa za maduka: vijijini wanafunga kuanzia saa sita mchana hadi saa nane au zaidi, Jumatatu sehemu nyingi hazifungui kabisa, nunueni mkate asubuhi. Ukiingia dukani anza na bonjour kabla ya kitu kingine chochote, we uliyelelewa kupiga hodi hutapata tabu na hilo, wanaopata tabu ni wageni wanaoingia na kuanza kuuliza bei.

Niaje. Nimezoea kuendesha Karura na Ngong weekendi, niko na baiskeli yangu poa sana. Niibebe ama nikodi? Na kuendesha upande wa kulia si nitagongwa? – Msomaji, Nairobi

Poa. Kama safari ni wiki au mbili kodi tu. Ukibeba yako kuna boksi, kuna ada ya ndege, kuna kuifungua na kuifunga, alafu treni ya kasi ya TGV nayo inataka uweke nafasi ya baiskeli mapema au uifungue uitie kwenye begi lisilozidi sentimita 130 kwa 90. Treni za kawaida za mikoani ndo rahisi, ila wakati wa kiangazi angalia kama treni yako inahitaji nafasi ya baiskeli. Kwenye bonde la Loire kuna watu wa kukodisha ambao unachukua baiskeli mji mmoja unaiacha mji mwingine, na wanaweza kukupelekea mizigo mbele. Tafuta pia nyumba za kulala zenye alama ya Accueil Vélo, hizo ziko ndani ya kilomita tano kutoka kwenye njia, zina sehemu ya kufungia baiskeli na vifaa vya kuziba pancha.

Upande wa kulia utazoea siku moja. Ndugu zetu wa Kigali, Bujumbura na Bukavu hawana hata haja ya kusoma hapa, lakini sisi tuliozoea kushoto hatari sio barabara iliyonyooka, hatari ni asubuhi unapotoka geti la hoteli usingizi haujaisha na barabara haina gari, hapo mwili unakupeleka kushoto wenyewe. Raundiabauti unaizunguka kwa kwenda kulia, gari zinatokea kushoto kwako. Na kuna hii wengi hawaijui: kwenye vijiji, penye makutano yasiyo na kibao wala mstari, anayetokea kulia kwako ndo ana haki ya kupita hata kama katoka kichochoro kidogo na wewe uko barabara unayoiona kubwa. Punguza mwendo kila ukiona kichochoro upande wa kulia.

Kuna mambo ya sheria pia. Kengele na taa ni lazima, usiku nje ya mji lazima kizibao kinachong'aa, helmeti ni lazima kwa watoto chini ya miaka 12 lakini we vaa tu, na earphone masikioni ni marufuku ukiwa unaendesha.

Upepo sasa, maana wewe ni mtu wa mazoezi utauliza. Mto unatelemka kuelekea magharibi ila mtelemko wenyewe huusikii miguuni, wakati upepo wa kule mara nyingi unatoka baharini yani unakupiga usoni. Wengi bado wanaenda kuelekea bahari kwa sababu ni raha kuishia kwenye maji. Wewe ukiona utabiri wa wiki yako unaonyesha upepo mkali wa magharibi, geuza, panda treni mpaka Angers alafu urudi ukisukumwa.

Shikamoo. Mwalimu wetu alituambia Leonardo da Vinci ni Mtaliano, mbona nasikia kaburi lake liko Ufaransa? – Mwanafunzi, Dodoma

Marahaba mwanangu. Mwalimu yuko sahihi na ulichosikia nacho ni sahihi. François wa Kwanza alimwalika 1516, mzee akahamia Amboise kwenye nyumba inayoitwa Clos Lucé akiwa na michoro yake ikiwemo Mona Lisa, ndo maana picha hiyo iko Ufaransa mpaka leo. Alifariki pale tarehe 2 Mei 1519 akiwa na miaka 67. Kanisa alilozikwa lilikuja kubomolewa, mifupa inayoaminika kuwa yake ilipatikana 1863 na sasa iko kwenye kanisa dogo la Saint-Hubert ndani ya kasri la Amboise. Wengine wanasema ile ngazi ya Chambord ni wazo lake, hilo halijathibitishwa.

Nasoma majibu yako na nauliza kwa heshima: majumba ya wafalme wa Ufaransa yananihusu nini mimi mtu wa Kilwa? Walijenga kwa jasho la nani? – Msomaji, Kilwa Masoko

Swali lako nimelisoma mara nyingi na naona ndo la maana kuliko yote ya mwezi huu.

Jasho lilikuwa la wakulima wao kwanza. Makabaila wengi na makasisi walisamehewa kodi kubwa ya ardhi, mzigo ukaangukia mtu wa shamba, na chumvi nayo ilikuwa na kodi yake iliyochukiwa mpaka watu wakawa wanaivusha kwa magendo usiku. Ukiendesha kati ya Candes na Saumur utaona upande wa pili wa historia hiyo, jabali jeupe lote limetobolewa, watu walichimba mawe laini ya tuffeau wakayashusha mtoni kwa mashua yakajenga majumba na makanisa, alafu mashimo yaliyobaki maskini wakahamia humo na familia zao. Nyumba zina mlango, dirisha, dohani imetokea juu katikati ya majani. Pitisha mkono ukutani utatoka na unga mweupe kama umeshika chaki. Siku hizi mapango mengine wanalima uyoga, mengine wanahifadhi mvinyo.

Lakini kwako wewe mtu wa Kilwa, shuka na mto mpaka Nantes. Mji huo ndo ulikuwa bandari kubwa kuliko zote za Ufaransa kwa biashara ya watumwa, karne ya 18 meli zake zilikwenda Afrika Magharibi kuchukua watu na kuwapeleka visiwa vya Karibi, hasa Saint-Domingue ambayo leo ni Haiti. Utajiri huo unauona kwa macho kwenye Île Feydeau, nyumba za wafanyabiashara za ghorofa zina nyuso zimechongwa juu ya madirisha, na baadhi ni nyuso za Waafrika. Watu wanakunywa kahawa chini yake.

Na Wafaransa hawakuishia Magharibi. Tarehe 14 Septemba 1776 mfanyabiashara Mfaransa aliyeitwa Morice aliandikiana mkataba na sultani wa Kilwa, auziwe watumwa 1,000 kila mwaka kwa piastre 20 (sarafu za fedha za wakati huo) kwa kichwa, wapelekwe kwenye mashamba ya Île de France na Bourbon, yani Morisi na Réunion za leo. Kwa hiyo Kilwa yako imo kwenye habari hii moja kwa moja, na sultani wetu aliweka mkono wake pale, hilo nalo tuliseme.

Nantes wamelikabili jambo hili kuliko miji mingi. Mwaka 2012 walifungua kumbukumbu ya kukomeshwa kwa utumwa kando ya mto, Quai de la Fosse, kule kule meli zilikokuwa zinafungwa. Juu unatembea katikati ya vibao vya kioo karibu 2,000 vilivyotandazwa ardhini, vingi vina jina la meli na mwaka, alafu unashuka ngazi unaingia chini usawa wa maji, unasikia mto unapiga kwenye nguzo. Kuingia ni bure. Ukitoka hapo nenda kasri la Watawala wa Bretagne katikati ya mji, makumbusho yake ina vyumba vinavyoeleza biashara hiyo kwa hesabu na nyaraka zao wenyewe. Ufaransa ilifuta utumwa 1794, Napoleon akaurudisha 1802, ukafutwa moja kwa moja 1848, na 2001 bunge lao likapitisha sheria inayosema ni uhalifu dhidi ya ubinadamu.

Kama una siku mbili tu za Loire, acha Chambord nenda Nantes.

Bajeti yangu ndogo, nitalala kwenye hema. Maji napata wapi njiani, na naweza kuoga mtoni? – Kijana, Mwanza

Hema ni wazo zuri kaka. Miji midogo mingi ina kambi za halmashauri, utaona kibao cha camping municipal, ni nafuu, bafu na maji ya moto yapo, ila nyingi zinafunguliwa kuanzia majira ya kuchipua hadi mwezi wa tisa tu. Usilale kwenye mafungu ya mchanga mtoni hata yakionekana pazuri namna gani, kiangazi kuna ndege wanataga kwenye mchanga mtupu na sehemu nyingi kuingia ni marufuku.

Maji ya kunywa, siri ya waendesha baiskeli wa kule ni makaburini. Karibu kila kijiji kina makaburi yenye ukuta na bomba la kumwagilia maua, ingia kwa adabu jaza chupa yako. Soma kibao kwanza, eau potable unakunywa, eau non potable unanawa uso tu.

Kuoga Loire hapana. We umekulia ziwani unajua kuogelea, lakini ule mto unadanganya, juu umetulia na maji ya magotini, chini mchanga unahama na kuna mashimo yanayovuta, na watu wamekufa humo wakiwa wanatembea tu kwenye maji. Oga kambini.